Tarakimu Ishirini na Sita

Jumatatu, 5 Desemba 2011

Redio imefika! Si ile ya taarifa ya habari. Ni ya mtandao: kisanduku cheupe, unene wa Biblia, zawadi ya mjukuu wangu Meere aliyeko Auckland. Binamu yangu Kabunare amekifunga juu ya mlingoti wa chuma, mita nane. Yeye ni mgema. Kupanda kwake ni kama mimi kukaa.

Jumamosi saa kumi alasiri mtoto wake, kitukuu wangu, anatimiza mwaka. Anaitwa Rakera, jina la marehemu mke wangu. Ameanza kutembea. Meere ameahidi kwamba nitamwona akitembea, kwenye kompyuta, mimi nikiwa hapa hapa kisiwani Rabi, Fiji.

Jioni tukajaribu. Kumbe kijiji kizima kimeshainusa. Watu kumi na saba chini ya mshelisheli wangu, kila mtu na simu yake, wote wakiunyonya mtandao wangu. Uso wa Meere ukaganda mdomo wazi, dakika kumi, kama samaki aliyevuliwa. Hapana! Lazima nifunge.

Jumanne, 6 Desemba

Nimesoma kijitabu mara mbili. Redio husimba maneno yanapopita hewani. Asiye na ufunguo haambulii kitu. Ufunguo una tarakimu ishirini na sita, 0 hadi 9 au herufi A hadi F, na lazima uwe uleule kwenye redio na kwenye kompyuta.

Nikaweka 15121945, mara tatu, kisha 15. Ishirini na sita kamili! Tarehe kumi na tano Desemba 1945: siku meli iliyotutoa Banaba, kisiwa chetu cha asili, ilipotushusha hapa. Nilikuwa na miaka tisa. Mvua, mahema, na mama akiuliza nyumba zetu ziko wapi. Nani angeikisia?

Saa nane Kabunare alikuwa kwenye ngazi yangu, akitazama kwaya za Suva kwenye simu. Nikamuuliza ameingiaje. Akacheka hadi akashika ubavu. Akasema miaka arobaini nimewachapa watoto wa kisiwa hiki kwa kuisahau tarehe ile; je, Mwalimu angeweka nini kingine? Watoto nao wameingia. Mara ya kwanza tu!

Nilifundisha vizuri mno.

Jumatano, 7 Desemba

Ufunguo mpya. Safari hii nimeupigia kura: vikaratasi ndani ya kopo la biskuti, kimoja kimoja. Hauna maana yoyote. Kazi safi.

Saa nne akaja Kabunare. Hakukisia. Aliomba. Akakaa mkekani, akanitazama machoni, akasema, “Ndugu yangu, naomba ufunguo wako.” Basi! Ombi la namna hiyo sisi tunaliita bubuti. Ndugu akikuomba uso kwa uso, unatoa. Baba yangu alitoa mtumbwi. Mama alitoa cherehani, nguo ingali chini ya sindano. Kunyima ni aibu watakayoirithi wajukuu.

Nikamsomea. Akaandika.

Hadi adhuhuri walikuwa wameomba wengine ishirini na wawili. Sauti ikanikauka. Mwishowe nikauandika kwa chaki kwenye ubao wa ukumbi wa kijiji.

Alhamisi, 8 Desemba

Nimepata! Mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Dawa ni ufunguo nisioujua.

Nikamwita Nei Taraia, mke wa Kabunare, mwanamke wa siri. Nusu ya kwanza niliandika mimi. Nusu ya pili aliandika yeye, nami nimegeukia ukuta. Kisha vikaratasi vyote motoni. Kompyuta inaukumbuka, sisi hatuukumbuki.

Kabunare akaja kuomba. Nikamwambia kweli tupu: sina. Akanitazama kwa huruma. “Kweli huna, Mwalimu. Umekuwa maskini wa aina mpya.”

Wivu huo.

Ijumaa, 9 Desemba

Maafa. Kijitabu kinasema redio ina nafasi nne za ufunguo, na nafasi ya redio na ya kompyuta zifanane. Zilikuwa zikifanana. Lakini mimi sipendi kuamini bila kuhakiki. Nikafungua, nikagusa, nikafuta.

Kompyuta haikumbuki tena. Nei Taraia anakumbuka saba moja na, labda, B. Kesho saa kumi!

Ukurasa wa mwisho: redio ina kitufe tumboni. Ukikibana kwa sekunde kumi, inasahau kila kitu. Kitufe kiko mita nane juu. Mimi nina miaka sabini na mitano.

Namjua mtu mmoja tu.

Jumamosi, 10 Desemba

Alfajiri nilikaa kwenye mkeka wa Kabunare, nikaomba. Akajifanya kiziwi ili niombe tena. Nikaomba tena. Kunyima hakuweza. Akapanda akiimba, kama wagema wetu wote waimbavyo juu ya mnazi, wimbo wa papo kwa papo: mwalimu aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Kitufe alikibana kwa ndoana. Sikumsifu, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Sasa redio haina ufunguo, na watu thelathini chini ya mshelisheli. Saa tisa na nusu picha ikaanza kuganda.

Ndipo nikatoka nje. Nikakaa chini, nikamtazama kila mmoja machoni, nikaomba: nipeni saa moja ya mtandao. Nani angeninyima? Simu zote zikazimwa, zikajaa kikapu cha mkadi.

Picha ikang'aa. Rakera akasimama. Hatua moja, mbili, tano! Paji la uso ni la mke wangu, lilelile. Akaja hadi kwenye kamera akaifunika kwa kiganja, nasi tukaona mistari ya mkono mdogo, kijiji kizima. Kabunare akalia kabla yangu. Tukamwimbia, tukaisema tarehe yake ya kuzaliwa kwa sauti moja, mara tatu, tukala keki.

Jumapili, 11 Desemba

Baada ya kanisa nimefunga tena. Mtandao wazi ni hatari. Safari hii nimeweka 10122010, siku aliyozaliwa Rakera, mara tatu, kisha 10. Ishirini na sita kamili. Wakijaribu kuukisia, hawatajua waanzie wapi.

Kabunare amepita, ameuliza kama nimeweka ufunguo mpya. Nikasema ndiyo, na huu haukisiki. Akanipongeza. Amekaa kwenye ngazi, simu mkononi, anapiga mluzi wa wimbo wake wa jana, ule wa mlingotini.