Mlango wa Maabara ya Uvutano na Joto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru; waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, makaimu wa wakurugenzi wasaidizi na wanaowashikia nafasi hao makaimu; wadau wa maendeleo; mama mkwe wangu mpendwa uliyeketi pale kwenye kiti chenye mto (mama mkwe anapiga makofi); na wewe Mama Profesa, mlengwa wetu wa leo: itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajihesabu ametajwa.

Ndugu wananchi, nimesimama mbele ya mlango huu mwekundu, uliofungwa utepe na kuzibwa turubai kushoto na kulia ili msichungulie kabla ya wakati, kufungua Maabara ya Kisasa ya Uvutano na Joto, ambayo ofisi yangu, kwa mkakati shirikishi, upembuzi yakinifu, wekshopu, na semina elekezi ya kutathmini hiyo wekshopu, imeisimamia kwa karibu mno hata wengine wakadhani inajengwa mezani kwangu. (Kicheko.)

Mama Profesa anaitumikia fizikia tangu mimi navaa kaptula. Ujana wake wote alipima uvutano, ile nguvu inayoshusha vitu chini. Alining'iniza vitufe vizito kwenye waya mwembamba, akangoja aone kimoja kinavyokivuta kingine. Kumbe joto linamharibia! Mtu akiingia tu, mwili wake unapasha hewa, hewa inatembea, waya unazunguka, na kazi ya wiki nzima inakwenda na maji. Basi akaamua kulisoma joto lenyewe, linavyopenya ukuta, linavyopanda na hewa, miaka mingine mingi, ili tu arudi kwenye vitufe vyake. Mimi ningeacha siku ya kwanza. (Sauti: "Tunajua!")

Nilipoingia madarakani, jamani, uvutano ulikuwa na hali gani? Hata ripoti hakuna! Leo, kwa mujibu wa takwimu za ofisi yangu, asilimia tisini na saba ya wananchi wakiruka juu wanarudi chini salama. (Makofi.) (Sauti: "Na hao wengine wako wapi?") Subira, ndugu yangu, mchakato unaendelea. Na joto nalo tumelisambaza hadi pembezoni bila ubaguzi, kama mnavyolisikia wenyewe chini ya turubai hili. (Watu wanajipepea kwa ratiba.)

Sasa, Mama Profesa aliomba kitu kimoja. Chumba chenye kuta nene, kisicho na dirisha, apime mara ya mwisho kabla hajastaafu mwisho wa mwezi huu. Chumba chake cha zamani tulikichukua kwa maslahi mapana ya idara, tukaweka friji na birika la wageni. Alikuja ofisini machozi yakimlengalenga, akasema, "Mkurugenzi, mwanangu, nimebakiza kipimo kimoja tu." Nikamwambia, "Mama, ondoa shaka." Ndiyo maana leo amekuja na masanduku yake yote, na vitufe amevipakata mwenyewe kama mjukuu. (Mama Profesa anainuka.) Tulia mama, namalizia. (Mama Profesa: "Unamalizia tangu asubuhi, baba. Nipe ufunguo.") (Kicheko kirefu.)

Haya, wote kwa sauti! Uvutano! (Umati: "Chini!") Joto! (Umati: "Juu!") Maendeleo! (Kikohozi.)

Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wenye uwanja huu kwa kutuachia hadi alasiri. Nawashukuru waliotukodisha turubai. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi seremala aliyetuazima mlango huu, na naomba sana urudishwe kabla giza halijaingia, maana ni wa chumbani kwake na shemeji yetu ameachwa na pazia. Mama, hauhitaji ufunguo! Mama Profesa, nakusihi, usiusukume, umeegemezwa tu...

(Mlango unaanguka. Nyuma yake kuna nyasi, kigingi kimoja, na uwanja mtupu hadi barabarani. Mama Profesa amesimama, vitufe kifuani. Hakuna anayecheka.)

(Mama Profesa: "Mwanangu, chumba changu kiko wapi?")

Mama, tusilaumiane mbele za watu. Wewe uliomba chumba kisicho na dirisha. Hebu angalia vizuri, uwaambie wananchi ukweli: unaona dirisha hapo?

Asanteni kwa kunisikiliza.