Ulimi wa Crispin Modeste na Vidonge vya Kakao

Jumatatu, 6 Novemba

Hatimaye sayansi imepanda mlima kunifuata! Nesi Joslyn wa zahanati yetu ametangaza utafiti. Wazee waliopita miaka sitini na tano watameza vidonge vya kakao kila asubuhi. Watafiti wanataka kujua kama flavonoidi, yaani ule uchungu wa kakao, hulegeza mishipa na kumwacha mzee na nguvu na kumbukumbu zake. Nusu yetu tutapewa kakao, nusu vidonge vitupu. Nani ana nini, hata nesi hajui. Sharti: kutogusa kakao nyingine yoyote.

Wamekuja mahali penyewe! Nina miaka sabini na sita. Tangu utotoni nakanyaga punje za kakao juani kwa nyayo hizi, kama ngoma, mpaka zing'ae. Nimejiandikisha wa kwanza. Wa pili, kwa bahati mbaya, jirani yangu Alban Regis, mpeleka barua mstaafu. Themanini na moja, na bado anatembea kifua mbele utadhani ana barua ya gavana mkobani.

Presha yangu: 168. Binti yangu Verlyn amepiga simu kutoka mjini St. George's. Ikiwa hivyo tena wiki ijayo, anakuja kunichukua, na shamba basi. Anikalishe barazani kwake kama ua la kopo. Thubutu!

Jumanne, 7 Novemba

Asubuhi ya kwanza bila chai ya kakao. Mkate wa kukaanga na samaki wa chumvi sikuvigusa. Bila kakao vinashukaje? Nimekula papai. Huzuni.

Nimefungua kidonge, nikamwaga ungaunga ulimini. Unga wa muhogo uliotiwa rangi! Mimi, Modeste, kupewa kitupu! Papo hapo Alban akapita dirishani akipiga mluzi. Kakao yangu iko kwake. Hilo halina mjadala.

Jumatano, 8 Novemba

Kwenda kupeleleza. Nyumba ya Alban iko kileleni, ngazi za mawe mia moja na kumi na mbili. Nimepumzika mara sita. Nikamwambia napita tu. Akauliza napita kwenda wapi, maana baada ya kwake ni mawingu. Chupa yake ya vidonge iko dirishani, kando ya redio.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimepanda tena, tunda la shelisheli kwapani, zawadi. Kupumzika: mara nne. Alban hakubanduka pale dirishani. Shelisheli ameipokea.

Jumamosi, 11 Novemba

Ushindi! Nilimwambia mbuzi wake amekata kamba. Akatoka mbio. Nikabadilisha chupa, nikashuka taratibu kama askofu.

Nyumbani nikaonja kimoja. Ee Mungu wangu! Kakao ya mteremko wa juu, imevundikwa siku sita, imekaushwa kwa jua la Machi, na kwa mbali kabisa, kungumanga. Ulimi huu haujawahi kudanganywa.

(Mbuzi kweli alikuwa amekata kamba. Amemaliza kabichi za jirani yetu Bi Eulalie. Mimi nilitoa taarifa.)

Jumatatu, 13 Novemba

Nguvu! Ngazi zote bila kusimama hata mara moja, nikamjulia hali Alban. Naona kanyauka. Nilimwonea huruma kidogo, kama inavyompasa mshindi. Kumbukumbu nazo zimerudi: jana kanisani nimeimba ubeti wa tano bila kitabu, na leo nimewakumbuka wote niliosoma nao darasa la tatu, hata yule niliyeapa kumsahau.

Jumatano, 15 Novemba

Siku ya vipimo. Verlyn alikuja na sanduku tupu la kufungashia nguo zangu. Sikulitazama.

Presha: 138! Nesi akapima tena. 138! Nikasimama mbele ya zahanati nzima nikahutubu juu ya flavonoidi, juu ya mteremko wa juu, juu ya jua la Machi. Nesi akageuza chupa yangu. "Mzee Modeste, mbona namba hii ni ya Mzee Regis?"

Alban akaruka juu. "Kumbe ndiyo sababu ya mbuzi! Mwizi wewe, na shelisheli yako haikuiva!"

Nikaeleza kwamba utafiti bora hauogopi marekebisho. Nesi akafungua bahasha waliyoiacha watafiti ifunguliwe siku ya vipimo, akasoma. Siku hizi za mwanzo wote tulipewa vitupu, waone nani anafuata masharti. Kakao yenyewe inaanza kesho. Bi Eulalie alicheka mpaka akashika ukuta.

Nimeondolewa kwenye utafiti. Nesi anasema presha imeshushwa na zile ngazi na kuacha samaki wa chumvi. Kuhusu kakao, hawajui bado, ndiyo maana wanauliza.

Verlyn hakucheka. Aliniomba tukatembee shambani. Alikaa sana chini ya mikakao aliyopanda mama yake, sanduku miguuni. Kisha akasema, "Baki, Baba. Ila hizo ngazi usiziache." Nikageuka upande. Upepo ulikuwa mkali, umeniliza.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimefikiri kwa kina. Ikiwa unga mtupu ukifika kwenye ulimi wangu unageuka kakao na kushusha presha, basi wanapaswa kunitafiti mimi!

Ngazi nimeacha. Sina tena shughuli kule juu. Asubuhi: chai ya kakao bakuli mbili, maziwa mazito, mikate minne ya kukaanga, samaki wa chumvi kufidia siku zilizopotea.

Nimeanzisha utafiti wangu mwenyewe. Mkurugenzi: C. Modeste. Wazee watano wamejiandikisha. Watatu watapata kakao, wawili maji ya rangi. Chupa zote zitalala chini ya kitanda changu, nami nitawanywesha mmoja mmoja. Watu wa mlima huu hawaaminiki hata kidogo.