Vumbi la Marehemu Wendell

Royce Tuttle alikuwa na magonjwa mawili: kupenda magari ya kizamani, na mdomo usioweza kumpita mjane bila kusimama. Jumamosi moja ya mwezi wa nne, akipita barabara ya mashamba nje kidogo ya Marlow, Indiana, yote mawili yalimpanda kwa pamoja. Mlango wa banda ulikuwa nusu wazi, na humo ndani ulichungulia mkia wa stesheni wagoni ya mwaka sitini na nne, lile gari refu la kubeba ukoo mzima, ubavu wote mbao.

Na vumbi! Jamani, vumbi lenyewe! Hapa niseme kidogo. Kwa wapenzi wa magari haya, watu wazima kabisa wenye akili zao, gari lililolala bandani miaka thelathini halipanguswi. Vumbi ndiyo hati kwamba hakuna fundi aliyeligusa. Ukilifuta, umefuta nusu ya bei. Mimi mwenyewe nimeshuhudia mtu akilifunika gari kwa shuka za kitandani ili vumbi lisipeperuke njiani.

Royce akafunga breki. Alikuwa kwenye pikapu yake ya kijani, ya mwaka hamsini na sita, aliyoifufua mwenyewe nyumbani kwa miaka minne. Mkewe aliondoka mwaka wa tatu, na Royce hakugundua mpaka soksi safi zilipomwishia. Pikapu hiyo ilikuwa mali pekee aliyoipata bila kumdanganya mtu, na aliipenda kupita kiasi.

Akatokea mama wa miaka sabini hivi, aproni kiunoni. Jina lake Lorene Stambaugh.

"Habari za leo, mama. Natafuta njia ya mjini."

"Njia si hiyo hiyo uliyokuwa nayo, mwanangu? Umeiacha mwenyewe."

Royce akacheka kwa adabu. "Na hilo gari la nani?"

"La marehemu Wendell wangu. Alikuwa analitengeneza taratibu, akaja akaniacha." Akajifuta jicho kwa ncha ya aproni.

"Pole sana. Mimi magari siyajui, lakini sitakuficha, mama: hiyo ni takataka. Panya wamekula nyaya, chini kumeoza. Hata watu wa vyuma chakavu watataka uwalipe ndiyo walibebe."

"Ajabu! Mbona kuna bwana wa Chicago kasema anakuja Jumatatu kuliangalia?"

Roho ya Royce ikaruka. "Wa Chicago! Mama, hao watakula mpaka kitasa cha mlango. Nipe mimi, nikuondolee mzigo. Sema unataka nini."

"Hela za nini, umri huu? Nataka cha kunifikisha kanisani. Kama hicho chako cha kijani."

Royce akageuka kuitazama pikapu. Lakini alijua stesheni wagoni kama ile, na vumbi lake, ingemnunulia pikapu nne na soksi za maisha. Mapenzi yakapiga kelele, tamaa ikayaambia yanyamaze.

"Haya," akasema, akatoa funguo mfukoni.

"Basi ngoja nilioshe." Lorene alishashika ndoo. "Gari chafu namna hii humpi mtu. Watanisemaje?"

"Usiliguse, mama! Maji hapana!"

"Hata kitambaa?"

"Hata kulipulizia! Liache na kumbukumbu za marehemu."

Mfukoni alikuwa na sumaku, ile ambayo kila mjuzi hupitisha kwenye bodi kutofautisha chuma na puti, ule udongo wa kuzibia bodi. Hakuitoa. Ingelichora vumbi, tena ingemuumbua, maana ameshasema magari hayajui. Kufunua boneti nako hakuthubutu. Wakasainiana kadi za magari, akaazima lori na trela la shemeji yake, akaondoka akipiga mluzi.

Maili sita mbele, mvua ikashuka.

Vumbi likaanza kuumuka. Ndiyo, kuumuka, maana ilikuwa unga wa ngano uliochanganywa na majivu. Mbao zikajikunja zikadondoka barabarani: karatasi za kunata za kutandika kwenye kabati za jikoni. Ubavu ukafuata, puti juu ya waya wa banda la kuku na gazeti la mwezi uliopita. Royce akafunua boneti huku analia. Penye injini palikuwa na mifuko miwili ya saruji.

Alirudi kwa Lorene amelowa chepechepe. Akamkuta barazani anakula pai ya tufaha na mzee mmoja mwenye rangi kwenye kucha.

"Mama! Umeniibia!"

"Mimi? Nani kasema ni takataka? Na nani kanizuia kuosha? Nilishika ndoo, Mungu shahidi! Wendell, mwambie."

"Alishika ndoo," akasema marehemu, mdomo umejaa.

Royce akakaa kwenye ngazi. "Chukueni chochote," akasema. "Nirudishieni pikapu yangu tu. Nawaombeni."

Wendell akaweka uma chini. "Ile rangi ulipiga mwenyewe?"

"Mwenyewe. Tabaka tisa."

"Una mkono, kijana. Mimi mgongo umekufa, na kuna mgeni anakuja Juni." Akaonyesha gofu la stesheni wagoni nyingine nyuma ya nyumba. "Limalizie hilo, pikapu yako uichukue."

Kufikia Juni lilikuwa tayari, na ubavu wake ungemdanganya hata seremala. Royce alifanya kazi kwa machozi, kisha kwa hamu, na niseme ukweli, mwisho kwa fahari. Lorene alipita na chekecheo la unga: "Paa bado, mwanangu. Ongeza hapo, na yule panya mkavu mweke kwenye kiti cha nyuma." Mgeni akalipenda, akakataa katakata kuoshewa, akaenda nalo.

"Sasa funguo zangu," Royce akasema, mkono mbele.

"Ee, kuhusu hilo," akasema Lorene, akimkatia kipande kikubwa cha pai.

Leo Royce anatengeneza gari la nne. Na kila Jumapili asubuhi pikapu ya kijani inapita mbele ya banda, Lorene kwenye usukani, marehemu pembeni yake, nao humpungia mkono kwa upendo.