Laptopu Yenye Ndama Watano

Dastan alimwona mzee Budeba angali ng'ambo ya barabara kuu, pale Iyunga, na moyo ukamwambia: huyo wangu. Mzee mfugaji kutoka bonde la Usangu, kofia pana, fimbo mkononi, begi begani, na koti zito la baridi ya Mbeya lililovimba upande wa mfuko wa ndani. Dastan alikuwa bingwa wa kupima uvimbe wa makoti. Huo aliukadiria laki tisa, na ushee wa nauli.

Ni haki nimtambulishe Dastan mapema, angali msafi. Ni kijana wa Iringa mwenye ulimi laini, aliyehamia Mbeya miezi miwili nyuma kwa sababu Iringa, kama alivyopenda kusema, soko lilikuwa limejaa. Ukweli ni kwamba lilikuwa limejaa watu wanaomtafuta. Alipanga chumba kimoja jirani na Lea, mama wa chipsi, akabandika kibao alichokiandika kwa mkono wake: DASTAN DIGITALI.

Ndani ya chumba hicho mlikuwa na laptopu moja ya kweli. Aliiita Mama. Alikuwa ameipakia programu ya bure, ya hizi zinazomega nguvu za kompyuta na kuunda humo humo kompyuta nyingine ya kufikirika, yenye mfumo wake na mambo yake. Alitengeneza tano. Si uchawi hata kidogo, wanafunzi wa vyuo wanafanya kila siku. Ila chini ya meza Dastan alificha laptopu sita mbovu zilizofanana na Mama kwa umbo, rangi, hata stika. Ukiwasha moja inakuonyesha picha ya uso wa Mama, basi. Ukibonyeza unabonyeza picha mpaka betri ikate. Mteja alionyeshwa Mama, akaenda nyumbani na mmoja wa mapacha. Kazi nzima ilimtegemea Mama. Bila Mama, Dastan alikuwa mtu wa maneno mengi anayedaiwa kodi ya chumba.

"Shikamoo mzee wangu! Karibu, karibu kiti!"

"Marahaba, mwanangu." Budeba aliketi. Mwenzake aliyekuja naye, dalali wa mnadani aitwaye Seni, alibaki amesimama mlangoni. "Binti yangu yuko chuo. Anataka kompyuta. Mimi hivi vitu sivijui, najua ng'ombe."

Dastan nusura acheke kwa furaha. "Basi nitakueleza king'ombe, mzee. Huyu hapa ni jike, ana mimba. Tumboni ana ndama watano!"

Akamfungua Mama. Kwanza ikatokea Windows. Akabonyeza, ndani ya dirisha ikawaka kompyuta nyingine, Linux, kwa kishindo na rangi zake. Akabonyeza tena, ikaja Windows ya zamani, ile ya enzi za shule. Seni alisogea bila kujijua.

"Na akiugua ndama mmoja?" mzee akauliza.

"Haugui! Tazama." Dastan akaingia katika mashine mojawapo, akafuta mafaili muhimu yote, ikazimika mbele ya macho yao. "Amekufa, si ndiyo? Sasa mimi nilimpiga picha jana asubuhi angali mzima. Nabonyeza hapa, anarudi jana asubuhi." Mashine ikawaka, nzima, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Eeh!" akaguna Seni. "Ingekuwa hivyo kwa ng'ombe wangu aliyegongwa na fuso!"

Budeba hakuguna. Alizunguka meza polepole. Alimtazama Mama ubavuni, akamwinua, akamgeuza tumbo, akapuliza vumbi kwenye matundu, akagonga bawaba kwa kidole. Dastan alimwacha atazame. Wanaotazama sana ndio waliokuwa wakilipa haraka.

"Umewahi kuuza wengine wa aina hii?"

"Wengi, mzee! Iringa mjini, Tosamaganga, Igowole, wote wamechukua kwangu."

"Na asiyeridhika?"

Hapo, wasomaji wangu, ndipo penye kisa. Mtu mwenye akili angejibu kwa ufupi. Lakini Dastan aliusikia ulimi wake ukiteleza vizuri, akauacha uende.

"Asiyeridhika?" Aliinua sauti hadi Lea akageuka kwenye kikaango chake. "Arudishe! Namwahidi mbele ya mashahidi, mama Lea sikia, dalali sikia: aliyenunua kwangu popote, akaiona mbovu, alete tu. Nambadilishia papo hapo na nzima. Hiyo ndiyo waranti ya Dastan!"

"Maneno ya kiume hayo," akasema Budeba. "Seni, umesikia? Basi nenda kwa mama Lea ukanipashie kile kitu."

Seni akachukua begi, akatoka. Dastan alidhani ni kiporo cha viazi.

Walipatana laki tisa. Mzee hakuomba kupunguziwa hata senti, jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote aliyewahi kumuuzia mfugaji kitu. Wakashikana mikono, wakatikisa mara tatu.

"Ngoja nikufungie vizuri, mzee," akasema Dastan, akimzima Mama huku mguu wake ukivuta pacha wa kwanza chini ya meza.

"Subiri. Seni!"

Seni akaingia mbio, ameshika chuma cha kuwekea ng'ombe chapa, ncha imeiva nyekundu. Kabla Dastan hajafungua mdomo, mzee alikipokea na kukigusisha kwenye kona ya mfuniko wa Mama. *Sssss!* Chumba kikajaa harufu ya plastiki.

"Mzee! Unafanya nini?"

"Naweka chapa. Sisi tukishashikana mikono tunaweka chapa pale pale, mnadani. Usiku ng'ombe wanachanganyika zizini, unaweza kupewa mwingine." Alipuliza herufi B iliyokuwa ikitoa moshi. "Nimemgusa mfuniko tu. Tumboni sijafika."

Dastan akaurudisha mguu wake. Pacha chini ya meza hakuwa na chapa. Akajikaza: si kitu, laki tisa ni pesa nzuri, nitanunua Mama mwingine na chenji itabaki.

"Haya mzee," akasema kwa sauti kavu. "Hela."

Budeba akaingiza mkono kwenye koti. Uvimbe wote ukatoka: laptopu, imefungwa kwenye kanga. Sura ya Mama, rangi ya Mama, stika za Mama. Juu yake karatasi iliyokunjwa. Mzee akampa Lea, aliyekuwa amefuata harufu hadi mlangoni, asome kwa sauti.

"'Iringa. Nimepokea laki tisa taslimu toka kwa Yunisi Budeba, kwa kompyuta moja yenye tano ndani. Dastan.'" Lea akatazama karatasi, akatazama kibao cha nje. "Mbona mwandiko ndio huu huu, Dastan?"

"Ile hela ilikuwa ng'ombe wangu wawili," akasema Budeba, na sauti yake ilikuwa na hasira kwa mara ya kwanza. "Binti yangu amelia miezi miwili mizima. Jumatatu anawasilisha kazi yake ya mwisho chuoni, na mwalimu hataki picha. Mimi sijaridhika. Nimerudisha."

Dastan alitaka kupiga kelele za mwizi. Akakumbuka mapacha sita chini ya meza, na maswali ambayo polisi wangeyauliza. Akaufunga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu ahamie Mbeya.

Wakaondoka, Mama kwapani mwa mzee. Dastan alikaa akiikodolea macho ile mbovu. Kule ndani ya Mama angebonyeza kitufe kimoja tu, arudi jana asubuhi, angali mzima. Kwenye meza ya Iyunga kitufe hicho hakikuwepo.

Mlango ukagongwa taratibu. Alikuwa msichana mrefu mwenye mkoba wa chuo. Dastan alimtambua mara moja, na moyo ukamruka. Wasichana wana huruma, labda amemwombea kwa baba yake, na Mama anarudi.

"Shikamoo kaka," akasema Yunisi. "Baba anasema kwetu ng'ombe aliyenunuliwa anatoka na kamba yake. Naomba chaja."