Naomi wa Talatala na Ufunguo wa Rais

Njooni, enyi mpitao na majembe begani. Tueni mizigo, kaeni popote penye ukavu, msikie jinsi dola ilivyotikisika huku Talatala alasiri moja ya mwezi wa tano, kabla hata chai ya saa kumi haijachemka. Jirani Dainess anadai kwamba Naomi mke wa Godwin alimrukia Rais kama chui, akamwangusha mieleka mitatu, akamnyang'anya ufunguo wa ghala mbele ya majeshi mawili, la mawingu na la wanadamu. Dainess alikuwepo, hilo halikataliwi. Lakini Dainess hata mafua huyasimulia hivi kwamba anayemsikia huanza kuulizia jeneza. Mambo yalikuwa makubwa kuliko hivyo, tena hapakuwa na mweleka.

Rais mwenyewe ni Mzee Hezroni, baba mkwe wa Naomi na mwenyekiti wa Kikundi cha Turubai, ambacho wanachama wake walichanga wakanunua turubai moja la bluu, pana kama uwanja wa vita, la kufunikia mpunga ulioanikwa. Tangu asikie redioni wakili mmoja akieleza mamlaka ya rais na mamlaka ya bunge, mzee hakukubali tena kuitwa mwenyekiti. Akawa Rais, Mlinzi wa Kufuli, Baba wa Turubai. Na wajumbe saba wa kamati yake, wapende wasipende, wakawa Bunge.

Siku hiyo Naomi alikuwa ameanika mpunga wote wa mwaka, chakula cha watoto wake watatu mpaka mavuno mengine, naye Godwin yuko njiani kwenda Mbeya na basi lake. Ndipo juu ya milima ya Livingstone mawingu yakajipanga safu kwa safu, meusi, yakipiga ngoma zao, yakaanza kuteremka. Mpunga ungelowa, ungeota palepale mikekani.

Naomi hakuweza kwenda kuomba turubai mwenyewe. Kwa mila ya Kinyakyusa, ambayo ukoo ule bado unaishika, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Miaka minane sasa, akimsikia mzee anakuja, yeye hujitosa kwenye mikakao mpaka apite. Anamjua kwa kikohozi na kwa mlio wa kandambili. Kwa sura hamjui. Basi akamtuma Dainess, na yeye mwenyewe akajibanza nyuma ya ukuta wa ghala linamofungiwa turubai, asikilize.

Bunge likaketi kwenye magogo. Wote wakaafiki turubai liende kwa Naomi. Hapo akasimama Mama Jubilate, mwenye sauti ya kengele ya kanisa, akanena, "Mheshimiwa, Bunge limepitisha. Kilichobaki ni saini yako tu."

"Bunge hupitisha, mimi ndiye nikubaliye," akajibu Rais kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. "Nami nimekataa. Turubai ni jipya. Litazinduliwa siku ya maadhimisho ya Kikundi, mbele ya wageni."

"Mpunga huo wanakula wajukuu zako, baba."

"Rais hana wajukuu. Ana wananchi."

Mama Jubilate akamkumbusha kwamba redio waliisikiliza wote: muswada uliokataliwa ukirudi na kupata theluthi mbili, rais hana tena pa kukimbilia. Wakapiga kura. Mikono sita ikapanda. Wa saba, Ezekiel, alikuwa amesinzia.

"Zimetimia," Rais akasema kwa upole wa kutisha. "Lakini hamkuisikiliza redio mpaka mwisho. Hapo mimi nabaki na njia mbili: nitie saini, au nilivunje Bunge. Nimelivunja. Nendeni nyumbani."

Wakaenda, wabunge wale wenye theluthi mbili na ziada, maana kila mmoja alikuwa na nguo kwenye kamba. Rais akabaki peke yake mlangoni, na ufunguo ukining'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake, alipouweka ili kila mtu auone na asiuguse mtu.

Nyuma ya ukuta Naomi alikuwa akiwaza polepole, kama anayechambua mchele. Huyu mtu ana saini, ana kufuli, anaweza kulituma Bunge zima likaanue nguo. Lakini mila inasema wawili hawa wasionane, basi. Kwamba siku zote wa kupisha awe Naomi, hilo lilikuwa limezoeleka tu.

Akavuta kitenge mpaka kwenye paji la uso. Akaupa ulimwengu kisogo. Kisha, kinyumenyume, hatua kwa hatua, shujaa yule akazunguka pembe ya ghala na kumwendea Rais, macho kwenye migomba, visigino mbele kama ngao, akikanyaga beseni la kuku na kulivuka bila kuyumba. Hakumtazama mtu. Hakusema neno. Mila yote alikuwa nayo kichwani, wala hakuidondosha hata punje.

Akasikia kikohozi. Akaendelea. Akasikia kiti kikilia. Akaendelea. Yule aliyekataa muswada na kulivunja Bunge akauona mgongo wa mke wa mwanawe umebakiza hatua nne, na katika katiba yote hakukuta kifungu cha kuuzuia mgongo. Kandambili zikapiga mbio, moja ikabaki. Mikakao ikafunguka, ikamfunika Rais.

Naomi akapapasa ukuta kwa mkono wa nyuma, akaupata msumari, akaupata ufunguo. Kufuli likalegea. Dainess akashika upande mmoja, yeye mwingine, wakalitandaza lile turubai juu ya mpunga, na tone la kwanza la mvua likadunda juu ya bluu mpya na kutawanyika kama jeshi lisilo na jemadari. Mpunga mkavu, hadi punje ya mwisho. Na iandikwe, ikiwa kuna mahali yanapoandikwa mambo ya namna hii. Dainess akainama, akatamka ndaga, asante ya Kinyakyusa, kwa heshima wanayopewa maaskofu, kisha akatimka barabarani na habari yake ya mieleka.

Naomi akajikinga chini ya paa la jiko. Mvua ikamwagika. Ndipo kutoka kwenye mikakao ikasikika sauti ya mtu aliyelowa, ikiongea na mgomba uliokuwa karibu, kwa kuwa na mke wa mwanawe haruhusiwi.

"Wewe mgomba, ukimwona mke wa Godwin, mwambie nimelirudisha Bunge. Likae sasa hivi, lipitishe niletewe mwavuli. Saini natia."

Naomi alisikia kila neno. Akautazama mgomba, akasubiri kusikia utamjibu nini.