Ng'ombe wa Ugali na Sinia la Mama Sylvester

Jumatatu, 1 Machi 1993

Mama mkwe anataka kumchukua Magese wangu! Kumchukua kabisa, na nguo zake na kigoda chake, akaishi Nkololo!

Nimeanza na hilo maana limenikaa kooni. Sasa niandike kwa utaratibu. Nimeishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliwazungushia darasa zima wautazame.

Mama mkwe kafika jana na gunia la michembe. Nikapiga magoti nikamwamkia Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani shikamoo mama, mwangaluka tena, nikampa kiti chenye mto. Nikaandaa chakula cha mchana cha heshima: wali, maharage, mchicha. Magese akatazama sahani. Ana miaka miwili na nusu, mtoto mzuri kuliko wote hapa Somanda, na sisemi hivyo kwa kuwa nimemzaa mimi. Akafunga mdomo. Akaufungua kidogo tu, atoe neno lake: "Nalema."

Yaani amekataa. Maneno mengine bado anayatafutatafuta, lakini hilo la Kisukuma analitamka kama mzee wa baraza.

Nikabembeleza. Nalema. Nikaimba. Nalema. Nikamwambia kijiko ni basi la Mwanza linaingia stendi. Stendi ikafungwa.

Mama mkwe akamshika mkono, akaupima kwa vidole viwili kama anayenunua kuku. Akauliza kadi ya kliniki inasemaje. Nikamwambia mwezi uliopita nukta ya uzito iliangukia kwenye kijivu, chini ya kijani. Akasema kwake Nkololo wajukuu wamejaa na hakuna hata mmoja anayejua kukataa chakula. Akatoa hukumu: atakaa hapa mpaka Ijumaa, siku ya kupima. Nukta ikirudi kwenye kijani, mtoto abaki. Ikibaki kwenye kijivu, anaondoka naye.

Nikamtazama Baba Magese anitetee. Akasema, "Sawa, mayu." Sawa! Mwanamume anayewapimia wakulima pamba pale ushirika bila kutetemeka, mbele ya mama yake anayeyuka kama mafuta ya nazi.

Kwaresima hii kila mtu anafunga kidogo. Lakini mfungaji mkuu wa parokia yote ni mwanangu.

Kuhusu michembe: nimemgawia Mama Sylvester, jirani. Nimelivusha gunia usiku uleule kupitia lile tundu ambalo mbuzi wangu alilitoboa kwenye uzio wa minyaa. Viazi vikavu! Siku hizi kila kitu ruksa, maduka yamejaa vitu vya Nairobi, halafu mimi nimlishe mwanangu viazi vya kwenye gunia kama vile mvua imegoma? Mama Sylvester kashukuru sana. Ana watoto wanne, hachagui.

Jumanne, 2 Machi

Nina mpango! Usiku nimekumbuka maneno ya Nesi Jenipha wa kliniki: mtoto apewe chakula mchanganyiko. Kumbe kosa langu ni hilo. Nilikuwa naviweka vyakula vyangu kila kimoja mahali pake.

Leo nimechanganya. Ugali wa mtama, yai, dagaa wa Lamadi, ndizi mbivu, karanga, mchicha, na maziwa juu. Vyote ndani ya kinu. Nikatwanga mpaka jasho. Kikatoka kitu cha rangi ambayo sijawahi kuiona, ila nguvu zake unazisikia kwa pua tu.

Magese hakusema nalema. Aliondoka. Aliinuka kwenye kigoda, akatoka nje, akasimama nyuma ya choo.

Kuku nao wakanusa, wakaenda zao. Baba Magese akatoka shamba, akadhani ni chakula chake, akaweka tonge mdomoni. Akakaa nalo. Mwisho akauliza kwa upole nani anaumwa.

Mama mkwe alisema ameshiba. Hakuwa amekula kitu! Akaaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu. Ameinyoosha mpaka alasiri, akarudi anacheua. Wazee wana matumbo ya ajabu.

Jumatano, 3 Machi

Mambo ya kienyeji nimeyaacha. Nimekwenda dukani kwa Januarius. Nikamwambia nataka chakula cha watoto wa mjini. Akapanda juu ya kreti, akashusha boksi lenye picha ya mtoto wa kizungu mwenye mashavu kama maandazi. Ndani, akasema, kuna mahindi yaliyopondwa yakawa magamba. Mwanza wanakula hayo, watoto wao wamenenepa hadi hawapiti mlangoni.

Nimepita nalo makusudi mbele ya uzio, taratibu, picha ikitazama upande wa Mama Sylvester. Akauliza, "Mama Magese, hicho nini shoga?" Nikamjibu ni lishe tu ya kawaida ya Magese. Akasema aah, hongera. Halafu akacheka kidogo akageukia sufuria yake. Sikuipenda ile kidogo.

Januarius hakunieleza yanapikwaje. Kwa kuwa ni ya mchana, nikayakaangia kitunguu na nyanya, nikaweka mchuzi wa samaki. Yakalala. Yakawa kama karatasi ya magazeti iliyonyeshewa.

"Nalema."

Lakini boksi kalipenda! Amekaa nalo, kamtafuna yule mtoto wa kizungu shavu lote la kushoto. Mama mkwe akaniuliza kama karatasi nayo ni lishe ya mjini. Nikainama nikajifanya napuliza moto.

Halafu akasema anakwenda kunyoosha miguu.

Alhamisi, 4 Machi

Leo nimeamka na akili ambayo sijui Mungu aliificha wapi siku zote. Mtoto wa Kisukuma anapenda nini? Ng'ombe! Basi ale ng'ombe.

Nikasonga ugali mlaini, nikafinyanga ng'ombe saba. Pembe za karoti. Macho ya choroko. Dume nikalitia nundu ya yai. Majani ya kunde nikayatandaza yawe malisho, maziwa ya mgando yakawa lambo. Sahani ilipendeza mpaka mama mkwe akavaa miwani. Nesi Jenipha angeiona angelia. Kila kitu anachokisema kliniki kilikuwa mle, kimesimama kwa miguu minne.

Magese akapiga kelele ya furaha. Akakaa. Akanyoosha mkono...

Akaanza kuchunga.

Akawapeleka malishoni. Akawanywesha. Akawapigia mluzi. Nikamwambia Magese, haya baba, mle huyu mdogo. Akanitazama kama nimemwambia amle bibi yake. Nikajaribu kumvunja mmoja mguu nimwonyeshe. Kilio! Majirani wakachungulia.

Akaja Baba Magese, ana njaa, hajui habari yoyote, akachukua dume akalitia mdomoni zima. Ee Mungu. Magese akaanguka chini kama kafiwa. Baba yake akasimama hapo, mashavu yamejaa, pembe inatokeza, hawezi kumeza, hawezi kutema. Mama mkwe akacheka mpaka akatafuta khanga ya kufutia macho. Nikaona cheko lile ni la mtu anayefungasha mizigo ya mjukuu.

Nikaingia ndani nikalia kidogo. Naandika ukweli. Nilishika kikaptura chake cha mtumba, kile chenye vifungo vya shaba, nikafikiri kitakavyoonekana kwenye kamba ya mtu mwingine.

Nilipotoka, uwanja mtupu. Magese hayupo. Mama mkwe hayupo. Nikasikia kelele ng'ambo. Nikainama kwenye tundu la mbuzi.

Sikuamini macho yangu!

Mkeka. Katikati, lile sinia la Mama Sylvester la bati, la kijani, lenye jogoo katikati. Watoto wake wanne wamelizunguka, na wa tano ni Magese! Mikono yote inaingia, inatoka. Wanagombania michembe iliyochemshwa na karanga. Pembeni mlenda, na dagaa. Magese anamsukuma Sylvester, mtoto wa miaka sita, na kumnyang'anya dagaa! Anafuta mchuzi kwa kidole! Hakuna nalema!

Na wa sita pale mkekani, miguu kaitandaza, kipande kimoja cha kiazi mkononi na kingine mdomoni: mama mkwe. Hiyo ndiyo miguu aliyokuwa akiinyoosha!

Nikapita tundu, nikatokea na miba kichwani. Mama Sylvester hakushtuka. Akasema, "Karibu, mama. Mwanao huja kila mchana tangu mbuzi wako atoboe uzio. Nilidhani unajua. Nami nikaona ubaya gani? Mtoto akiona wenzake wanawahi, naye anawahi." Mama mkwe naye, mdomo umejaa, akasema ndivyo ilivyo Nkololo, mtoto hali peke yake kwenye kigoda kama hakimu.

Nikawasikiliza kwa adabu. Lakini akili yangu ilikuwa mahali pengine. Nilikuwa nalitazama sinia.

Mtoto aliyekataa nyumbani, hapa anakula. Mzee aliyesema ameshiba, hapa anakula. Watu tofauti, vyakula vilevile, kitu kimoja tu kigeni. Mimi si mjinga. Ni sinia!

Ijumaa, 5 Machi

KIJANI!

Nimeandika kwa herufi kubwa na nitapigia mstari.

Nikiri kwamba asubuhi niliogopa. Siku chache za sinia huenda zisitoshe, nikawaza. Basi nikashonea kufuli la sanduku kwenye pindo la kaptura ya Magese. Kufuli moja tu, dogo. Akatembea anachechemea hadi kliniki.

Nesi Jenipha akasema mtoto avuliwe nguo zote. Nikasema ana baridi. Akasema ni Machi, mama. Akaivua mwenyewe, kaptura ikaanguka sakafuni, kwaa! Foleni nzima ikageuka. Nikasema ni kinga ya husuda. Nesi akaliokota, akaligeuza, akasema, "Haya, leo tumpime mtoto. Kufuli lije mwezi ujao na kadi yake."

Wakamtundika kwenye mizani. Nikafumba macho. Nikasali kwa watakatifu wote ninaowajua, na wawili nisio na uhakika nao. Nikasikia Nesi anachora. Nikasikia mama mkwe, aliyekuwa ameinama juu ya bega lake, akivuta pumzi.

Kijani, mpaka ndani. Nikakaa bila kutazama juu ya kapu la mwenzangu, na ndani kulikuwa na nyanya. Sikujali! Nimembusu Magese kichwa, nimembusu Nesi, nimembusu mwenye nyanya.

Nesi akaniuliza namlisha nini mchana. Nikamtajia vyote: wali, maharage, kunde, yai, dagaa, ndizi, karanga, mlenda, na ng'ombe. Akasema vizuri sana, niwaeleze na wenzangu. Mbele ya foleni nzima! Mama Sylvester alikuwepo na mtoto wake mdogo mgongoni. Alitabasamu tu, akanisaidia kujifuta nyanya. Ni mtu mwema, hilo siwezi kumnyima.

Njiani mama mkwe akasema Magese abaki. Akasema michembe yake imefanya kazi. Nikajibu ndiyo, mayu, imefanya. Nami sikusema uongo, sikutaja tu ilifanyia kazi kwenye uwanja upi. Akacheka peke yake hadi nyumbani.

Nimelala mchana kama mtoto mchanga. Ndiyo mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, 6 Machi

Sinia ni langu! Nimebadilishana na Mama Sylvester kwa chupa yangu ya chai yenye maua. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mpango ni mpango. Maskini, hajui alichokiachia.

Mchana nikaliweka juu ya meza ndogo, nikapanga michembe (nimemwomba anirudishie kidogo), karanga, mlenda na dagaa. Nikafunga mlango ili kuku na watoto wa watu wasije wakamvuruga. Nikamkalisha Magese kwenye kigoda, peke yake, kwa raha zake.

Akamtazama jogoo wa kwenye sinia. Akatazama mlango.

"Nalema."

Nimefikiri sana. Nimepata jibu. Nililisugua kwa majivu kabla ya kulitumia, nikaondoa ile ladha ya zamani. Sinia halijazoea nyumba! Linataka siku chache tu.

Na nikiwa bado naandika hapa, ng'ambo nasikia Mama Sylvester amewapakulia wanawe kwenye ungo. Magese hayumo ndani. Mama mkwe naye kanyoosha miguu. Na kule wanacheka. Wacha tu, wamalizie michezo yao, ila nashangaa ungo nao umeingiwa na nini. Itabidi niuulizie.

Lakini nimeshatangaza, na siwezi kurudi nyuma. Nesi aliagiza niwaeleze wenzangu, nami nitawaeleza. Nimewaambia kina mama wote wa jumuiya, na Apolonia wa kwaya, na yule mwenye nyanya, waje na watoto wao wote, na waje wakiwa na njaa. Ng'ombe wa ugali nitafinyanga kundi zima. Magese atatangulia kula peke yake kwenye sinia, wamtazame wajifunze. Watoto wengine watasubiri kwanza uani.

Mama mkwe kasema haondoki mpaka ayaone hayo kwa macho yake. Mama Sylvester kasema atakuja na ungo.

Ni Jumapili ya wiki ijayo, tarehe kumi na nne, baada tu ya misa ya pili.