Profesa Anayejua Kunyamaza

Jumatatu, 11 Machi

Barua kutoka kwa Dokta Wening, mkuu wa masomo ya vikundi hapa kitivoni. Wening! Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu cha upasuaji. Leo ananiandikia "Mheshimiwa Profesa Suwondo", halafu ananikaripia kwa kurasa mbili. Eti wanafunzi wamelalamika mara mbili kwamba nawahutubia. Eti vijana kumi wanapopewa mgonjwa wa kwenye karatasi, wanatakiwa wajiulize wenyewe, watafute wenyewe, kisha wakutane tena kuelezana walichopata. Msimamizi analijua jibu lakini halisemi. Likija lalamiko la tatu, jina langu linafutwa kwenye orodha, nami napelekwa kulinda chumba cha viungo vilivyohifadhiwa kwenye chupa.

Ni kweli, mwezi uliopita nilizungumzia bandama kwa saa mbili na nusu. Bandama inastahili.

Nimefundisha miaka thelathini na moja. Nikiondolewa mbele ya vijana, sijui nitabaki nani. Hilo naliandika hapa tu. Wening asilisikie.

Jumanne, 12 Machi

Mpango hauna kasoro. Kinywa nitakifunga, lakini barua haikutaja nyusi. Wakipatia, ya kulia inapanda.

Mgonjwa wa wiki hii ni mkulima wa mpunga, miaka arobaini na miwili, ana homa siku ya tano, kichwa kinamgonga, miguu inamuuma. Taifodi, bila shaka. Mwongozo wa msimamizi una kurasa nne. Nimesoma wa kwanza. Kwa uzoefu wangu, mwongozo ndio ungepaswa kunisoma mimi.

Dakika kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha Yudha, mwenyekiti wa kundi, akaigundua nyusi. Kijana mwerevu, aliacha kufikiri papo hapo. Akaanza kutaja magonjwa moja baada ya jingine huku akinikodolea macho, na wenzake wote wakafanya hivyohivyo, vitumbua vikiwa midomoni. Feni ilikuwa imekufa. Jasho likaniingia jichoni alipofika kwenye malaria, na nyusi ikapanda. Nikazipandisha zote mbili ili kufuta kosa. Wakaandika MALARIA ubaoni na kuipigia mistari miwili.

Binti mmoja tu, Ratri, yule mkimya, aliuliza kama huyu baba huingia shambani na viatu au peku. Yudha akamwambia, "Dada, achana na viatu, Prof ameshakubali." Nami nimekaa pale na taifodi yangu kooni, siwezi kuitoa. Nyumbani nilimwambia mke wangu Endah kwamba sasa naujua uchungu wa kuzaa. Hakucheka.

Alhamisi, 14 Machi

Mpango mpya. Nimwage maneno yote mapema, ili kesho niingie darasani mtupu. Bahati nzuri leo ilikuwa harusi ya mpwa wangu, na mimi ndiye niliyepewa neno la kuwakaribisha wageni kwa niaba ya familia. Dakika tano, walisema. Nilitumia hamsini. Nilianza na baraka, nikaingia kwenye ini, kwa sababu ini na ndoa vyote vinahitaji uvumilivu. Supu ikapoa. Kaka yangu mkubwa akaninong'oneza, "Wondo, shuka bwana, bibi harusi amechoka kusimama." Nikamalizia mirija ya nyongo kwa ufupi.

Makofi yalikuwa marefu mno nilipomaliza. Watu wanajua kitu kizuri wakikisikia.

Ijumaa, 15 Machi

Sauti hakuna. Hata ya kuomba chai.

Endah anasema ni upepo ulioniingia. Amenipaka dawa ya kuchua paji lote la uso, akanifunga kitambaa mpaka kwenye kope. "Baba Galih, ukikifungua usirudi hapa." Sikukifungua.

Kwa hiyo sauti hakuna, nyusi hakuna. Yudha alinitazama, akakitazama kitambaa, akapotea kabisa. Nikanyoosha mkono nichukue karatasi niandike taifodi. Ratri akanishikisha glasi ya chai ya tangawizi. "Pumzika, Prof. Tuachie sisi."

Wakaanza kutazamana wenyewe kwa wenyewe.

Ratri alisema alikwenda kwa mjomba wake mwenye mpunga. Wakulima wote peku ndani ya maji, na kila tuta lina mashimo ya panya. Wakafungua karatasi ya pili: macho ya mgonjwa sasa ni ya njano. Wakabishana, wakapekua vitabu, wakaulizana maswali ambayo mimi mwenyewe singeyauliza. Yudha akaifuta malaria kwa mkono wake. Jibu lao: homa ya mgunda, ile inayotokana na mkojo wa panya.

Nikafungua ukurasa wa pili wa mwongozo chini ya meza. Homa ya mgunda.

Nilijivunia hadi machozi yakanitoka. Nimesingizia dawa ya Endah. Hawakuambiwa na mtu, wamefika wenyewe! Na nani angeweza kuwafikisha pale kama si mimi?

Jumatatu, 18 Machi

Fomu za wanafunzi zimerudi. Hakuna msimamizi aliyewahi kupata alama kama zangu mwaka huu. Mmoja ameandika, "Prof alituamini." Mwandiko nadhani ni wa Ratri. Nimeisoma mara nne, kisha mara moja kwa sauti, maana sauti imerudi.

Wening alikuja mwenyewe ofisini. Chumba cha chupa kimesahaulika. Akasema, "Mwalimu wangu, umetushangaza," akaniomba Ijumaa niwaeleze wasimamizi wenzangu, kwa dakika kumi, namna ya kunyamaza.

Nimekubali kwa unyenyekevu. Slaidi ziko tayari, mia na arobaini, za kwanza thelathini ni za bandama. Dakika kumi hazitoshi, kwa hiyo nimemwandikia Wening anipe saa tatu, na milango ifungwe.